UKURASA WA MFUGAJI
Unga wa laisini na watoto wa nguruwe walioachishwa kunyonya

Mwezi huu nilitaka kuandika juu ya kujenga banda, lakini imefika barua moja ambayo nimeona niijibu kwanza, kwa sababu wengi mmekuwa mukiniuliza jambo hilohilo njiani, hata siku ya mgao.

Mama mmoja ameandika hivi, nafupisha: Nguruwe wangu alizaa watoto wanane. Nilipowatenga na mama yao wakaanza kuharisha, wawili wakafa. Mtu wa sokoni aliniambia ninunue unga wa laisini, eti ndio wazungu wanawapa nguruwe wao wakanenepa upesi. Nikauza kuku mmoja nikanunua. Nilikuwa namwagia juu ya maganda ya mihogo kila asubuhi. Imepita wiki tatu, na watoto wa nguruwe wako vilevile, matumbo makubwa na mgongo mwembamba. Je, nimetapeliwa?

Mama, pole sana kwa wale wawili na kwa kuku wako. Inawezekana hukutapeliwa. Unga huo unaweza kuwa wa kweli kabisa na bado usifanye kazi, kwa namna ulivyoutumia. Ngoja nieleze polepole.

Ninyi wote munakumbuka siku tulipofika hapa na kupewa vitu vya kujengea: miti, shitingi, kamba, misumari. Sasa fikiria umepewa miti ya kutosha nyumba mbili na shitingi tatu, lakini misumari ni ya nusu nyumba. Utajenga nyumba ngapi? Nusu tu. Miti mingine itakaa nje, itanyeshewa, mwisho utaitia jikoni. Mwili wa mnyama unajenga nyama kwa namna hiyo. Tunachoita protini si kitu kimoja, ni vipande vingi vidogo vilivyounganishwa, na vipande hivyo vinaitwa asidi amino. Viko vya aina 20. Vingine mwili wa nguruwe unajitengenezea wenyewe. Vingine kama tisa au kumi haviwezi, ni lazima vitoke katika chakula. Kikikosekana kimoja, vile vingine havijengi kitu hata vikiwa vingi. Mwili unavichoma, na uchafu wake unatoka kwa mkojo. Ile harufu kali ya banda inayochoma macho, sehemu kubwa inatoka humo.

Kwa nguruwe anayelishwa mahindi, kipande kinachokosekana kwanza ndicho hiyo laisini. Hiyo ndiyo misumari yetu. Baada yake zinafuata threonini, methionini na triptofani. Kilo moja ya mahindi iko na laisini kama gramu mbili na nusu hivi. Mtoto wa nguruwe wa kisasa mwenye kilo 7 mpaka 15 anahitaji kama gramu 12 katika kila kilo ya chakula anachokula. Munaona tofauti hiyo. Na muhogo ni mbaya kupita mahindi, kwa maana muhogo hauna protini karibu yoyote, ni nguvu tu.

Basi mama, wewe ulinunua misumari mizuri lakini hukuwa na miti. Maganda ya mihogo na laisini juu yake, watoto wako wangejenga na nini? Laisini peke yake haijengi. Na huenda sehemu kubwa ya ule unga ilibaki chini ya banda, kwa sababu maganda hayashiki unga.

Sitawacheka wenye kukosea hapa, kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea zaidi. Wakati nilipoanza, nguruwe wangu alizaa tisa. Nilikuwa na haraka. Nilisikia kwamba katika mashamba makubwa wanaachisha kwa wiki tatu au nne, nami nikaachisha kwa wiki tano, siku moja, wote. Nikawapa pumba na mihogo ya kuchemsha, na nikawajazia sahani kwa sababu nilifikiri wakila sana watamsahau mama yao. Siku ya nne wakaanza kuharisha maji. Nilikimbia kwa duka fulani nikauziwa pakiti ya «vitamini za nguvu». Nilipoitia ndani ya maji, ikakaa chini kama chokaa. Wakafa wanne. Watano waliobaki waliishi, lakini mwezi wa sita walikuwa bado na ukubwa wa nguruwe wa miezi mitatu. Pesa za shule za mwanangu wa pili zilikuwa ndani ya nguruwe wale, na mwaka ule alikaa nyumbani muhula mzima. Ndiyo sababu naandika ukurasa huu kwa urefu kuliko mhariri anavyopenda.

SABABU YA KUHARISHA

Maziwa ya mama nguruwe yanasagika vyepesi sana tumboni. Mtoto akitengwa, siku hiyohiyo anapata mambo matatu: hofu, baridi ya kulala bila mama, na chakula kigumu ambacho tumbo lake halijazoea. Asidi ya tumbo lake bado ni kidogo. Protini isiyosagika inashuka mpaka utumbo mkubwa, na huko vijidudu kama E. koli vinakula na kuzaana. Kutoka hapo ni kuharisha, na mtoto wa kilo saba akiharisha siku mbili bila maji, amekwisha.

Kwa hiyo hapa kuna mtego. Ukimpa protini kidogo, hakui. Ukimpa protini nyingi mno ili laisini ifike, ile inayobaki inalisha vijidudu. Hapo ndipo kazi ya kweli ya laisini ya dukani inapoonekana: unapunguza protini kidogo katika chakula, halafu unajaza kile kipande kinachokosekana peke yake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya jambo hilo limekuwa kubwa, kwa sababu walikataza antibiotiki za kukuzia wanyama tangu mwaka 2006, na tangu Juni 2022 wakakataza pia zinki oksidi ya kiwango cha dawa, iliyokuwa inazuia kuharisha kwa watoto wa nguruwe. Sasa wafugaji wao wanategemea zaidi chakula chenye protini ya wastani na asidi amino za kuongeza. Sisi hatukatazwi kwa sheria hiyo, lakini tumekatazwa na mfuko.

Na kwa wale wanaosema ni homoni au ni sindano ya kunenepesha: hapana. Laisini ni kipande kilekile kilicho ndani ya maharagi, samaki na maziwa. Inatengenezwa na bakteria wanaolishwa sukari ndani ya mapipa makubwa, karibu kama pombe inavyochachuka. Wajapani ndio waliofungua njia hiyo miaka ya 1950. Haiponyi ugonjwa wowote. Akikuambia mtu kwamba inatibu homa ya nguruwe, ondoka dukani kwake.

KUITAMBUA

Laisini ya chakula cha mifugo ni chembechembe nyeupe au za rangi ya kahawia hafifu. Chukua kidogo, tia ndani ya glasi ya maji safi, koroga. Inayeyuka vyepesi. Ikibaki chini kama unga wa chaki, usinunue. (Methionini ni tofauti, hiyo haiyeyuki vizuri, kwa hiyo musiipime hivyo mukagombana na mwenye duka bure.) Mwambie akupimie kwa mzani mdogo na akufungie pakiti za gramu 20. Usikubali kupimiwa kwa kijiko. Kama duka linauza mfuko mzima tu, wekeni pesa pamoja watu kumi, kwa sababu mfuko mmoja ni mwingi kwa familia moja, na ukikaa mahali pa unyevu unaganda.

KUCHANGANYA

Huu ni mchanganyo wa kilo 10 ninaoutumia sasa:

Mahindi ya kusaga kilo 6. Soya ya kukaanga na kusaga kilo 2. Muziri mkavu wa kusaga kilo 1. Pumba laini ya mahindi kilo 1. Chumvi gramu 30, ila kama muziri wako umetiwa chumvi, usiongeze kabisa. Premiksi ya vitamini na madini kadiri mfuko wake unavyosema. Halafu laisini gramu 20.

Fuateni hesabu pamoja nami. Mahindi yanaleta laisini kama gramu 15, soya kama 45, muziri kama 40, pumba kama 4. Jumla ni gramu 104 hivi ndani ya kilo 10. Tunatafuta 120. Ule unga wa dukani si laisini yote, ni kama asilimia 78, kwa hiyo gramu 20 zinatoa karibu 16. Tumefika. Protini yote inakuwa kama asilimia 19, na hiyo haimsumbui mtoto sana. Hesabu hii ni ya makadirio, kwa sababu muziri wa leo si wa kesho. Ule unaoanikwa chini kule ziwani unakuja na mchanga mwingi, nawe unalipa kilo ya samaki na kupewa kilo ya Ziwa Albert. Tafuta ule wa kuanikwa juu ya nyavu. Ragoge pia anafaa.

Kama muziri umepanda bei, weka mahindi 6, soya 3, pumba 1, na laisini gramu 40. Usipite hapo. Ukiongeza zaidi, misumari imetosha lakini sasa zinakosekana kamba, yaani threonini na methionini, na pesa yako inapotea.

Namna ya kuchanganya ina maana kubwa. Gramu 20 ndani ya kilo 10 ni kitu kidogo sana. Ukiimwaga tu na kukoroga kwa mwiko, nguruwe mmoja atapata yote na wenzake hawatapata kitu. Kwanza changanya laisini, chumvi na premiksi ndani ya bakuli moja la unga wa mahindi, mpaka huoni chembe. Bakuli hilo lichanganye na kilo mbili. Hizo kilo mbili ndizo unazichanganya na zote juu ya shitingi safi, ukigeuza kwa koleo mara nyingi.

SOYA MBICHI HAPANA

Hapa wengi wanaharibu. Soya mbichi iko na kitu kinachozuia tumbo kusaga protini. Ukimpa nguruwe mdogo soya mbichi, unamfungia mlango wa tumbo halafu unamletea chakula. Kaanga juu ya moto wa kadiri ukigeuza bila kuacha, mpaka igeuke kahawia hafifu na ile harufu ya ubichi iishe. Au chemsha dakika 30, anika, saga. Lakini usiunguze! Soya iliyogeuka nyeusi, laisini yake imefungika, tumbo haliwezi kuitoa tena. Moto uleule unaokusaidia ndio unaokunyang'anya. Maharagi nayo lazima yapikwe. Maganda ya mihogo na majani ya sombe yaanikwe vizuri kwanza, kwa sababu ya sumu yake.

Na mashudu? Ya alizeti yako na protini lakini laisini yake ni kidogo, kwa hiyo hayawezi kuchukua nafasi ya soya. Ya karanga vilevile, tena yakiota ukungu ni sumu. Majani ya viazi vitamu ni mazuri, wape kila siku kidogo, ila tumbo la mtoto ni dogo, akijaza majani hana nafasi ya chakula. Ngoja afikie kilo 20 hivi, ndipo umwongezee.

KUACHISHA KWENYEWE

Sisi hatuna banda la joto wala maziwa ya unga kama wale wa wiki tatu. Ngojeni wiki sita, na kama mama bado yuko na mwili, wiki nane. Tangu wakiwa na wiki mbili, wawekee mchanganyo huo kidogo mahali ambapo mama hafiki, wazoee kulamba. Siku ya kuachisha, mtoe mama, waache watoto katika banda wanalolijua. Siku tatu za kwanza wape kidogo mara nne au tano kwa siku, na uondoe kinachobaki. Maji safi wakati wote. Nyasi kavu za kulalia. Kama wanaanza kuharisha, punguza chakula, wape maji, na umwite muganga wa mifugo mapema kabla ya kununua dawa ya kubahatisha.

Tena msiwape mabaki ya nyama ya nguruwe wala maji yaliyooshea nyama hiyo. Homa ya nguruwe inaingia kwa njia hiyo, na hapa Uganda ipo karibu kila mwaka. Haina tiba.

SASA TUONGEE JAMBO GUMU

Watoto sita wa nguruwe, tangu kuachishwa kwa muda wa wiki tano, watakula kama kilo 100 za mchanganyo. Kilo 100 ni mahindi kilo 60, soya 20, muziri 10, pumba 10, na laisini gramu 200 tu. Laisini ndiyo sehemu ndogo ya gharama. Mahindi kilo 60 ndiyo swali. Tangu mgao ulipopunguzwa kwa asilimia 30 mwaka 2020, na makato mengine yaliyofuata, kuna nyumba hapa ambazo kilo 60 ni uhai. Mimi sitaki mtu asome ukurasa huu halafu akawanyime watoto kwa ajili ya nguruwe.

Mama mwingine, ambaye simtaji, aliniambia uso kwa uso kwamba anawapa nguruwe wake ule unga wa uji wa lishe unaotolewa kliniki kwa mtoto wake aliyepungua uzito. Akasema: mtoto ataula unga huo mwezi mmoja, lakini nguruwe akikua atalipa shule ya watoto watatu. Sikumgombeza. Nilikaa nikafikiri sana, kwa sababu hesabu yake si ya kipumbavu. Lakini nilimwambia hivi: unajua kwa nini unga huo ni mahindi na soya pamoja? Ni kwa sababu ileile ya laisini. Mtoto wako aliyetoka ziwani yuko katika shida ileile ya mtoto wa nguruwe. Mahindi peke yake hayamtoshi kujenga mwili, soya inamletea kile kinachokosekana. Tofauti ni kwamba nguruwe aliyedumaa utamuuza kwa bei ya chini, basi. Mtoto aliyedumaa huwezi kumrudisha nyuma. Alikubali kuuza watoto wanne kati ya sita, akabaki na wawili ambao angeweza kuwalisha.

Na hilo ndilo shauri langu kwa mwenye chakula kidogo: uza mapema, wakiwa wa wiki nane, wangali wazuri na manyoya yanang'aa. Bakiza mmoja au wawili. Wawili walioshiba wanakupa pesa kuliko sita wenye matumbo makubwa. Najua inauma kuona jirani ananunua watoto wako na kuwakuza, lakini heri hivyo.

Wengine mumeuliza: je, tunaweza kutia laisini hiyo ya dukani ndani ya uji wa mtoto? Hapana. Hiyo imetengenezwa kwa wanyama, si kwa watu. Mtoto wa mtu anapata laisini katika maharagi, soya ya kukaanga, muziri uliosagwa, yai, maziwa. Bugali na maharagi ndio mchanganyo wenyewe: mahindi yana methionini ambayo maharagi yanapungukiwa nayo, maharagi yana laisini ambayo mahindi yanapungukiwa nayo. Mama zetu walijua kabla ya kusikia majina haya.

Ndugu zetu Waislamu na Waadventista, najua ukurasa wa leo haukuwahusu, mutusamehe. Lakini elimu hii inafaa kwa kuku pia, ila kwa kuku wanaokula mahindi na soya, kinachokosekana kwanza ni methionini, laisini inafuata. Mwezi ujao nitaandika juu ya vifaranga, kwa hiyo musitupe gazeti. Na wenye nguruwe, tafadhali mufunge mabanda. Nimepokea malalamiko mawili juu ya nguruwe kuingia katika bustani za watu wasiotaka hata kuwaona, na wana haki.

Mama wa barua ya kwanza: unga uliobaki usiutupe. Ufunge ndani ya nailoni, uweke mahali pakavu. Soya ya msimu huu ikivunwa, tafuta kilo mbili, kaanga, nawe uniite nije tuchanganye pamoja hapo kwako. Nitakuja na mzani.